Kadi ya video kwa monita ya chogo: mwongozo kamili wa kuendesha mashine ya gemu ya sarafu kwa kompyuta

Kadi inayofaa kazi hii huenda sasa hivi imelala kwenye boksi la vyuma chakavu chini ya meza ya muuza kompyuta za mtumba. Haina feni, imejaa vumbi, na mwenye duka atakushangaa ukiulizia bei yake. Ile mpya inayong'aa kabatini, yenye feni tatu na taa za rangi, haiwezi kuonyesha hata nukta moja kwenye monita ya mashine ya gemu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hicho mimi nimekiuguza. Kadi yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia ukubwa wa memori, nikafika nyumbani nikakuta matundu yake yote ni ya dijitali. Muuzaji alikataa kuirudisha. Hakunidanganya, mimi ndiye sikujua cha kuuliza.

Haya yanamhusu mtu mwenye kabati la gemu lenye monita ya chogo, au aliyeokoa monita ya namna hiyo mahali, anayetaka kuiendesha kwa kompyuta na kucheza kupitia MAME, programu inayoiga mashine hizo tangu 1997.

Anza na monita, kadi baadaye

Monita ya chogo huchora picha kwa mwali wa elektroni unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayepalilia matuta: akimaliza tuta moja anarudi mwanzo wa linalofuata. Jambo la kujua kuhusu monita yako ni mwali huo unachora mistari mingapi kwa sekunde. Hesabu yake haina ugumu. Chukua mistari ya picha nzima, pamoja na ile michache isiyoonekana ambayo mwali unaitumia kurudi juu, zidisha kwa idadi ya picha za sekunde moja. Mistari 262 mara picha 60 ni 15,720, yaani takriban 15.7 kHz. Picha ya kawaida ya kompyuta ya nukta 640 kwa 480 ina mistari 525, na ukizidisha kwa 60 unapata 31,500. Karibu mara mbili.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kompyuta inataka kuchora kwa 31 kHz na kwenda juu, monita ya gemu inataka 15. Hazisikilizani mpaka mtu azipatanishe.

Monita za mashine za gemu ziko za aina tatu. Nyingi, hasa za miaka ya 1980 na 1990, ni za 15 kHz tu: Wells-Gardner K7000 ya Marekani na Hantarex MTC 9000 ya Italia ni mfano mzuri. Kuna za kati, za 24 au 25 kHz, na mara nyingi hizo zinakubali 15 pia, kama Nanao MS8 ya Japani. Kisha kuna zinazokubali zote. Nanao MS-2930 inapokea 15, 24 na 31, na Wells-Gardner D9200 inafika hadi 38 na hujitambulia yenyewe imeletewa nini. Ukiwa na D9200 una raha, karibu kadi yoyote ya analojia itakufaa na unaweza kusoma yanayofuata kwa haraka. Ukiwa na K7000, soma polepole.

Jina la monita hupatikana kwenye lebo ya fremu au limechapwa kwenye bodi yake. Usibahatishe kwa kutazama ukubwa wa kioo.

Na kwa kuwa unachungulia nyuma ya chogo, sikiliza. Bomba la picha linabeba volti zaidi ya 20,000 na linaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama hujui kulitoa chaji, mwite fundi wa televisheni wa zamani. Kwao ni kazi ya kila siku. La pili linaihusu kadi moja kwa moja. K7000 na ndugu zake nyingi za Marekani zilitengenezwa zipate umeme wa volti 120 kupitia transfoma ya kutenganisha, ile ambayo upande mmoja haugusani kabisa na mwingine. Bila transfoma hiyo fremu ya monita ina umeme wa ukutani. Ukiunganisha waya wa VGA, ardhi ya kompyuta yako inagusana na fremu hiyo, na kadi ndiyo inayoungua kwanza, kama si wewe. Makabati ya Japani nayo yanataka volti 100. Kwenye tundu letu la volti 230 hayadumu.

Tundu la nyuma ndilo linaloamua

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, neno hilo limebaki na harufu ya kitu kilichokufa. Kwenye kazi yetu ndilo uhai wenyewe. Monita ya chogo haielewi namba. Inaelewa volti zinazopanda na kushuka, waya mmoja kwa kila rangi: nyekundu, kijani, bluu. Kwa hiyo kadi lazima iwe na kigeuzi ndani yake kinachobadilisha namba kuwa volti. Kadi za zamani zote zilikuwa nacho. Za sasa hazina.

Geuza kadi utazame matundu yake. Likiwepo VGA, lile lenye pini 15 katika safu tatu, umefika. Likiwepo DVI, liangalie kwa makini. DVI lina ulimi bapa upande mmoja. Ukiona vitundu vinne vidogo vinavyouzunguka ulimi huo, viwili juu na viwili chini, hilo ni DVI-I na analojia imo; adapta ndogo ya kwenda VGA, isiyo na saketi yoyote ndani, inatosha. Ukiona ulimi peke yake bila vitundu hivyo, ni DVI-D, dijitali tupu, na hakuna adapta ya bei rahisi itakayokusaidia. Muuzaji anayesema "DVI ni DVI tu, bosi" hajui, au anajua sana.

Kwa miaka, mpaka uko hapa. Upande wa Nvidia, kadi za mwisho zenye analojia ni familia ya GTX 900. Kuanzia familia ya GTX 10 ya mwaka 2016 imeondolewa, hata pale GTX 1060 inapokuwa na tundu la DVI. Upande wa AMD, wenye kadi za Radeon, mambo yalichanganyika. R9 290 ya 2013 ilikwishaiacha analojia, ilhali R9 380X iliyotoka mwishoni mwa 2015 bado inayo. Kuanzia RX 400 hakuna tena. Kwa hiyo usinunue kwa kufikiri kwamba namba ndogo ni ya zamani na kubwa ni mpya. Nunua kwa macho.

Kuna tundu la tatu ambalo watu hulipita bila kulijua. Kadi ndogo za kompyuta za ofisi, kama Radeon HD 3450 zilizokuja ndani ya mashine za Dell, zina tundu moja pana lenye pini 59 zilizobanana, linaloitwa DMS-59. Analojia imo humo, lakini unahitaji waya wake maalumu unaogawanyika kuwa VGA mbili. Waya huo ndio hupotea kwanza kompyuta inapobadilisha mikono. Ukiona kadi ya namna hiyo, ulizia waya kabla hujaulizia bei.

Kadi isiyojua kwenda polepole

Kuwa na analojia hakutoshi. Kadi hupimwa pia kwa idadi ya nukta inazotoa kwa sekunde, na kwenye kazi hii shida ni kiwango cha chini kabisa inachoweza kushuka. Picha ya gemu ya nukta 320 kwa 240, ukihesabu na zile zisizoonekana pembeni, ina nukta kama 400 kwa mstari. Zidisha kwa mistari 262 na picha 60 unapata nukta milioni 6.3 kwa sekunde. Picha ndogo kabisa ya kawaida ya kompyuta, ile ya 640 kwa 480, inatumia milioni 25.175. Kadi nyingi, na draiva nyingi zaidi, yaani programu zinazoziongoza kadi, hazikuandaliwa kushuka chini ya hapo. Ni kama kumwambia dereva wa basi la mikoani atembee kwa mwendo wa mkokoteni: injini inazima.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kadi inayoweza kushuka, na Radeon za zamani zinasifika kwa hilo. Ya pili ni ujanja ambao mimi naupenda zaidi. Badala ya kutoa nukta 320 kwa mstari, kadi inatoa 2,560. Mistari inabaki 240 na mwendo wa mistari unabaki 15.7 kHz, ila kila nukta ya gemu inarudiwa mara nane kwa upana. Sasa kadi inatoa zaidi ya nukta milioni 50 kwa sekunde, mwendo inaouzoea, na monita haijui kilichotokea kwa sababu yenyewe haihesabu nukta za mlalo. Inahesabu mistari tu. Faida nyingine ni kwamba upana huo mmoja unabeba gemu za 256, 320 na 384 bila kuandaa orodha ndefu ya ukubwa wa picha.

Kadi zenyewe

Kwa anayetumia Windows ushauri wangu ni mmoja: Radeon. Nvidia si mbaya, ila draiva nzuri iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, CRT Emudriver, ni ya Radeon peke yake. Draiva hiyo ina nusu ya thamani ya kadi. Bila hiyo utahangaika na programu za kulazimisha ukubwa wa picha, na kila Windows ikijisasisha unaanza upya.

Kwa kabati la kawaida chukua HD 5450 au HD 6450. HD 5450 hula wati 19 hivi, nyingi hazina feni, hazihitaji waya wa ziada wa umeme, na zipo za kimo cha nusu zinazoingia kwenye kompyuta nyembamba za ofisi. Usiogope unyonge wake. MAME hutegemea prosesa kwa karibu kila kitu. Kadi inapokea picha iliyokwisha kuchorwa na kuipeleka nje kwa wakati. Fedha ambayo ungeitupa kwenye kadi kubwa iweke kwenye prosesa yenye kasi kubwa kwa kila kiini.

Ukitaka zaidi, kwa sababu unakusudia kucheza pia gemu za kompyuta zenyewe za miaka ya karibuni zilizochorwa kwa mtindo wa zamani, panda hadi R9 270X au R9 380X. Hapo angalia umeme. Tundu la PCI Express, lile la ndani ya kompyuta linalobeba kadi, linatoa wati 75 tu, na R9 380X inakula 190 hivi. Dell OptiPlex 790 nyembamba, aina ya kompyuta zinazotoka ofisi za ng'ambo na kuishia Kariakoo au Luthuli Avenue, ina pawa saplai ya wati 240 kwa mashine nzima, na nafasi ya kadi ya kimo cha nusu tu. Humo weka kadi ndogo, basi.

Majina ya Radeon yanachanganya makusudi, na hapa ndipo kujua kunapookoa fedha. AMD ilikuwa na desturi ya kuvisha kadi ileile kanzu mpya. R5 230 ni HD 6450 kwa jina jingine. HD 7470 inayokutwa kwenye kompyuta za ofisi ni ukoo huohuo, na HD 7350 kwa ndani ni HD 5450. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya namba kubwa. Kwa upande mwingine usiikatae R5 230 ukidhani ni mpya mno. Itakutumikia vilevile, mradi tundu lake ni VGA au DVI-I.

Za nyuma zaidi, kama HD 4350 na HD 4850, bado zinapendwa na wazee wa kazi hii. HD 4850 hula wati 110 na inataka waya wake wa umeme, sioni sababu ya kuitafuta kama HD 5450 ipo. Kadi za AGP, tundu lililotangulia PCI Express, waachie wenye kompyuta za AGP.

Kuna pia ArcadeVGA ya Ultimarc, kampuni ya Uingereza, iliyojengwa juu ya Radeon na kubadilishwa bayosi yake, programu ndogo ya kuwakia iliyomo ndani yake, ili iwake moja kwa moja kwa 15 kHz. Ni kitu kizuri kwa asiyetaka usumbufu. Bei yake, ukiongeza usafiri na ushuru, inanunua Radeon kadhaa za mtumba, na kazi inayofanya zaidi yao ni zile sekunde za mwanzo za kuwaka, ambazo nitazifikia.

Kwa nini tunahangaika hivi

Mtu atauliza: kwa nini tusiweke kila gemu kwenye 640 kwa 480 yenye mistari inayopishana, yaani nusu ya mistari inachorwa kwanza na nusu ya katikati yake baadaye, tukalala? Inawezekana, na ndivyo wengi wanavyoanza. Picha inatetemeka, na gemu hukwama kidogokidogo, jambo unaloliona hasa mandhari inaposogea upande.

Sababu ni kwamba mashine za zamani hazikuwa na picha 60 kwa sekunde kamili. Kila bodi ilikuwa na mwendo wake. Pac-Man inapiga picha 60.6 kwa sekunde, na mistari yake ni 16 kHz kabisa. Neo Geo, na nukta zake 320 kwa 224, inapiga 59.18. Street Fighter II, nukta 384 kwa 224, iko 59.63. R-Type inashuka hadi 55, na Mortal Kombat, nukta 400 kwa 254, iko 54.7. Ukiilazimisha Mortal Kombat iende 60, uchague moja: ama inakimbia haraka kuliko ilivyokusudiwa, ama picha moja inarudiwa kila baada ya chache na jicho linaona kwikwi.

Kadi nzuri na draiva nzuri zinatengeneza mwendo wa kila gemu papo hapo. GroovyMAME, toleo la MAME lililotengenezwa kwa ajili ya monita za chogo, husoma takwimu za gemu, huiomba kadi mwendo uleule, na gemu ikifungwa hurudi ilipokuwa. Mara ya kwanza nilipoiona R-Type ikiteleza kwa 55 bila kwikwi hata moja, nilielewa kwa nini watu wanaweka boksi zima la Radeon stoo.

Katikati ya kadi na monita

Waya wa VGA hauingii moja kwa moja kwenye monita, na si kwa sababu ya umbo la plagi tu.

Kwanza nguvu ya rangi. Kadi inatoa volti 0.7 kwa kila rangi. Monita za gemu zilizoea bodi zinazotoa volti kadhaa. Ukiunganisha hivihivi picha inatokea, lakini ni ya kiza, kama taa ya betri inayokata roho. Unahitaji amplifaya ndogo ya video katikati.

Pili mipigo. Mbali na rangi, kadi inatoa mpigo wa mlalo unaosema "mstari mpya" na mpigo wa wima unaosema "picha mpya", kila mmoja kwenye waya wake: pini 13 na pini 14 za VGA. Monita nyingi za gemu zinataka mipigo yote miwili kwenye waya mmoja. Kuna saketi rahisi ya kuiunganisha, lakini sikushauri uibuni mwenyewe siku ya kwanza.

Njia ya mkato kama kabati lako lina plagi ya JAMMA, ile ya pini 56 iliyokubaliwa Japani mwaka 1985, ni kifaa kidogo kiitwacho J-PAC. Kinaingia kwenye plagi ya JAMMA kama bodi ya gemu, kinapokea VGA, kinakuza rangi, kinaunganisha mipigo, na kinageuza vitufe na vijiti vya kabati kuwa kibodi ya kompyuta kwa waya wa USB. La thamani zaidi, kinazuia mipigo ya 31 kHz isifike kwenye monita. Kwa kifaa kimoja umemaliza kazi ya wiki nzima.

Kufunga draiva

Unganisha kwanza monita ya kawaida ya LCD. Ya chogo iache imezimwa. Ingia kwenye bayosi ya kompyuta uzime Secure Boot, maana draiva hii haina sahihi ya Microsoft. Weka Windows 7 au 10 ya biti 64, na uchomoe intaneti, vinginevyo Windows itajiletea draiva yake nyuma ya mgongo wako. Kama kadi ilikwisha kuwa na draiva nyingine, ifute kabisa kwa programu ya Display Driver Uninstaller.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika bcdedit /set testsigning on, kisha washa upya. Sasa endesha CRT Emudriver. Kuna toleo la kadi za HD 2000 hadi 4000 na jingine la HD 5000 kwenda juu. Ukikosea hapa kadi haitatambulika na utadhani ni mbovu.

Baada ya kuwasha upya fungua VMMaker inayokuja nayo. Chagua aina ya monita: kwa K7000 na wenzake ni ya 15 kHz ya kawaida. Chagua orodha ya picha za upana wa 2,560. Kuna hatua moja hapa ambayo wengi huiruka kisha wanalia: kuipa kadi utambulisho wa uongo wa monita. Monita za kisasa hujitaja zikiunganishwa. Monita ya gemu ni bubu, na Windows isiposikia jina hufanya kama tundu ni tupu. VMMaker inaweza kuiambia kadi kwamba kwenye tundu fulani ipo monita siku zote. Chagua tundu sahihi, bonyeza, washa upya.

Kwenye mame.ini ya GroovyMAME weka monitor kuwa arcade_15 na super_width kuwa 2560. Mengine yaache yalivyo mpaka uone picha.

Pima kabla ya kuunganisha

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wenye haraka. Usiiunganishe monita ya chogo kwa imani. Multimita nyingi za bei ya kawaida zina kipimo cha Hz. Kompyuta ikiwa imewaka na picha ya 15 kHz imechaguliwa kwenye tundu la analojia, weka ncha moja kwenye pini 13 ya VGA na nyingine kwenye pini 10, ambayo ni ardhi yake. Ukisoma karibu na 15,700, endelea. Ukisoma 31,000 na kitu, kuna hatua umeikosa, na multimita imekuokolea transista ya monita.

Usipokuwa na multimita, chomeka LCD kwenye tundu hilo. Ikilalamika kwamba ishara iko nje ya kiwango, usivunjike moyo. Baadhi ya LCD huandika na namba kabisa, na ukiona 15.7 kwenye lalamiko hilo ndiyo habari njema uliyokuwa unaisubiri.

Zile sekunde za mwanzo

Draiva hufanya kazi baada ya Windows kuamka. Kabla ya hapo, nembo ya kompyuta na duara la Windows hutoka kwa 31 kHz au zaidi. Monita ya 15 kHz isiyo na kinga itapiga kelele nyembamba ya kuumiza meno na kuonyesha picha zilizopasukapasuka. Nyingine huvumilia kwa miaka, nyingine huunguza transista ya mlalo siku hiyohiyo. Mimi sicheki na bahati. Tumia J-PAC inayozuia, au weka swichi ya pekee ya monita na uiwashe baada ya Windows kuamka kabisa. Swichi ya bei ndogo, na haiharibiki.

Monita ikiwaka na picha ikawa imekaa upande, ina kingo nyeusi au inayumba, tofautisha chanzo. Gemu moja ikikaa vibaya na nyingine vizuri, rekebisha kwa Arcade OSD, programu ya kusogeza picha inayokuja na draiva, kwa sababu hilo ni la kadi. Gemu zote zikikaa vibaya kwa namna ileile, hilo ni la monita na vitasa vyake vya nyuma, na vitasa hivyo huguswa kwa bisibisi ya plastiki, mkono mmoja mfukoni.

Wasiotaka Windows

Linux ni njia halali na kwa kabati la gemu tupu huenda ni safi zaidi. GroovyArcade ni mfumo uliokwisha kupangwa kwa kazi hii, kiini chake kimerekebishwa kitoe 15 kHz tangu mapema. Radeon bado ndiyo ya kupendelea. Zile za HD 5000 na 6000 hutumia draiva ya zamani iitwayo radeon, inayojua picha za mistari inayopishana. Draiva mpya ya amdgpu kwa mpangilio wake wa kawaida haizijui, na ni sababu nyingine ya kuipenda kadi kongwe.

Adapta za HDMI kwenda VGA zinauzwa kila kona na utashawishika. HDMI haishuki chini ya nukta milioni 25 kwa sekunde, kwa hiyo bila ule ujanja wa 2,560 haziwezi kitu, na hata kwa ujanja huo nyingine hukubali na nyingine hukataa, hata zikiwa na sura moja na boksi moja. Jaribu kama umekwama. Usianze nayo.

Na kama huna monita ya gemu bali televisheni ya chogo iliyotoka Ulaya yenye tundu pana la SCART, una bahati kuliko unavyodhani. Televisheni hiyo ni ya 15 kHz vilevile na inapokea rangi kwa volti 0.7 zilezile za kadi, kwa hiyo amplifaya huihitaji. Utaunganisha mipigo miwili iwe mmoja, na kupeleka volti kati ya 1 na 3 kwenye pini 16 ya SCART ili ijue imeletewa rangi tatu. Umeme wake ni wa volti zetu.

Ukifika hapo na kila kitu kikafanya kazi, rudi kwa yule muuza mtumba siku hiyohiyo ununue kadi ya pili ya aina ileile. Ijaribu kwenye kabati usiku mmoja mzima, ifunge kwenye mfuko usiopitisha umeme tuli, uiandike jina na toleo la draiva kwa kalamu ya wino mzito, uiweke ndani ya kabati lenyewe, karibu na sanduku la sarafu.